Acheni Kukicheka Kile Kigari cha Magurudumu Matatu

Leo siandiki kuhusu programu wala seva. Nina dukuduku moyoni, na nisipolitoa sitalala.

Wengi wetu tulikua tukimtazama Mr Bean. Hata kama kwenu hakukuwa na runinga, ulimwona kwa jirani au kwenye kanda ya video iliyochakaa. Basi bila shaka unakikumbuka kile kigari cha samawati chenye magurudumu matatu, moja mbele na mawili nyuma. Kila kikikutana na Mini ya Mr Bean, kinakiona cha mtema kuni. Kinasukumwa, kinabanwa, kinalazwa ubavu, na dereva wake hata sura hatuioni. Nasi tunacheka. Hata mimi nilicheka hadi mbavu zikaniuma.

Sasa tatizo langu ni hili. Miaka imepita, wale watoto tumekuwa watu wa teknolojia, wengine wanajiita wahandisi kabisa, na bado tunacheka kicheko kile kile cha utotoni. Picha ya gari hilo ikipita kwenye kikundi cha watu wa kompyuta, maoni ni yale yale. Nani alisahau gurudumu la nne? Waingereza walikuwa wamevuta nini? Halafu watu wanaendelea na mambo mengine, wakiamini wamesema jambo la maana.

Ndugu zangu, hakuna aliyesahau gurudumu la nne. Liliachwa makusudi, na walioliacha walipiga hesabu ngumu kuliko nyingi tunazopiga sisi. Kigari kile kinaitwa Reliant Regal, na kampuni iliyokiunda, Reliant ya mji wa Tamworth kule Uingereza, ilidumu miaka sitini na ushei huku majirani zake wakifa mmoja baada ya mwingine. Dai langu ni rahisi: hicho ni kicheko cha mtu asiyejua swali lililoulizwa. Na mtu aliyezoea kucheka hivyo hataweza kumwundia kitu cha maana mtu asiye na pesa.

Tuanze mwanzo.

Mnaijua baiskeli ya Raleigh. Babu zetu wengi walizipanda. Kampuni hiyo ya Nottingham haikuishia kwenye baiskeli. Miaka ya 1930 ilikuwa ikiunda pia vigari vya mizigo vya magurudumu matatu. Mmoja wa wakuu wa kazi hiyo aliitwa Tom Williams. Raleigh ikaamua kuachana na mambo ya magari. Kwa wengi wetu hapo ndipo hadithi huisha: mradi umefungwa, unasasisha wasifu wako, unatafuta kazi kwingine. Williams hakufanya hivyo. Alikwenda nyumbani kwake Tamworth na, pamoja na mwenzake E. S. Thompson, akaunda gari la majaribio kwenye bustani ya nyumba yake. Hivyo ndivyo ilivyoanza, kama jua kali yoyote mnayoijua. Baadaye wakahamia kwenye karakana ya zamani ya mabasi mahali paitwapo Two Gates, kando ya barabara kuu. Gari la kwanza la kuuzwa lilitoka Juni 1935. Inasemekana hata jina Reliant lilichaguliwa kwa sababu baadhi ya vipuri walivyokuwa navyo vilikuwa tayari vimepigwa chapa ya herufi R ya Raleigh. Kama ni kweli, huo ndio ubanaji wa matumizi ninaoupenda.

Gari lenyewe lilikuwa la mizigo, si la kifahari. Lilikuwa na injini ya pikipiki ya kampuni ya JAP, yenye silinda moja, mnyororo wa kupeleka nguvu nyuma, na usukani ulioshika gurudumu moja la mbele. Lilikusudiwa mwenye duka, mwoka mikate, fundi bomba. Mtu ambaye lori kwake ni ndoto na baiskeli haimtoshi.

Hapa nawaomba waunda-programu wenzangu wasikilize vizuri. Injini ya pikipiki ilikuwa dhaifu, kwa hiyo kufikia mwaka 1938 Reliant ilikuwa imeanza kutumia injini ya Austin 7. Hiyo ilikuwa injini ndogo ya silinda nne, cc 747, inayopozwa kwa maji, injini iliyoaminika Uingereza nzima. Mambo yakawa mazuri. Kisha Austin wakatangaza kwamba wanaacha kuunda Austin 7. Yaani ule mfumo uliojenga kazi yako yote juu yake, mwenyewe anauzima. Nani kati yetu hajawahi kupata barua pepe ya namna hiyo? Unaamka asubuhi, huduma unayoitegemea imekufa, wateja wako wanakuuliza wewe.

Wale watu wa bustanini wakaamua kuunda injini yao wenyewe. Kufikia mwaka 1939 walikuwa na injini ya Reliant ya cc 747, iliyofanana sana na ile ya Austin lakini ikitoka kwenye mashine zao. Vita vikaja, kiwanda kikaunda vipuri vya vita, na vita vilipokwisha injini hiyo ndiyo iliyoirudisha kampuni barabarani. Kampuni ndogo, mjini mdogo, ikiwa na umri wa miaka minne, ikaunda injini ya silinda nne kwa sababu haikutaka tena kuamka na kukuta imezimiwa. Niambieni ni wangapi kati ya wanaocheka wamewahi kufanya nusu ya hilo.

Sasa tuje kwenye lile gurudumu.

Sheria za Uingereza zililihesabu gari la magurudumu matatu kuwa karibu na pikipiki kuliko gari, mradi tu lisizidi uzito fulani likiwa tupu. Kwa miaka mingi kikomo kilikuwa hundredweight nane, yaani takriban kilo 406. Ukikaa chini ya hapo, mwenye leseni ya pikipiki aliweza kuliendesha bila kufanya mtihani wa gari, na kodi ya barabara ilikuwa nafuu. Ukizidi, umeingia kundi la magari na faida yote imeyeyuka.

Fikiria maana yake. Uingereza ya baada ya vita ilijaa wafanyakazi wa viwandani na migodini waliokuwa na pikipiki yenye kigari cha pembeni. Baba anaendesha, mama yuko nyuma au pembeni, mtoto amefunikwa turubai, na mvua ya kule hainyeshi kwa kuomba ruhusa. Mtu huyo ana leseni ya pikipiki. Hana pesa za gari, na pengine hana muda wala ujasiri wa kurudi kwenye mtihani. Swali ambalo Reliant iliulizwa ni hili: mpe mtu huyo paa, milango, kipasha joto na viti vinne, kwa leseni aliyo nayo tayari mfukoni, na usizidi kilo 406.

Hilo ndilo swali. Halikuwa swali la kuunda gari zuri. Jibu swali hilo kwanza, halafu ucheke.

Mimi nikilitazama naliona kama tatizo la kumbukumbu ya tarakilishi. Una bajeti. Kila kitu unachoongeza kinatoka kwenye bajeti hiyo. Bawaba nzito zaidi ina maana kioo chepesi zaidi. Mini, ambayo kila mtu anaisifu kwa udogo wake, ilikuwa na takriban kilo 600. Ukiambiwa uondoe karibu kilo 200 kwenye Mini na bado familia ikae ndani, utaanza wapi?

Reliant ilianza na bodi. Regal ya kwanza, ya mwaka 1953, ilikuwa na bati za alumini juu ya fremu ya mbao. Mwaka 1956 wakahamia fibaglasi. Watu huona fibaglasi na kusema plastiki, na ndipo lilipotoka lile jina la kebehi la nguruwe wa plastiki. Lakini hesabu iko hivi. Kuunda bodi ya chuma kunahitaji mashini kubwa za kukandamiza na kalibu za chuma zenye gharama kubwa mno, gharama ambayo inarudi tu ukiuza magari mengi sana. Kalibu ya fibaglasi ni rahisi mno ukilinganisha. Kiwanda kidogo kinaimudu. Juu ya hayo, fibaglasi ni nyepesi na haishiki kutu, katika nchi ambayo barabara humwagiwa chumvi kila majira ya baridi. (Chasisi ya chuma iliyokuwa chini yake ilioza, hilo sikatai, na wamiliki wake walilia sana.)

Kisha wakaja kwenye injini. Ile ya cc 747 ilikuwa ya chuma na muundo wake ulikuwa wa miaka ya 1920. Mwaka 1962 Reliant ikatoa Regal 3/25: magurudumu matatu, nguvu farasi 25, na ndani yake injini mpya ya cc 600, silinda nne, vali juu, bloku na kichwa vyote vya alumini. Mwaka 1962, jamani! Hillman Imp, gari linalokumbukwa kwa injini yake ya alumini, lilitoka mwaka 1963, likiwa na kampuni kubwa na kiwanda kipya kabisa cha Scotland nyuma yake. Reliant waliwatangulia kutoka karakana ya mabasi. Na injini hiyo haikuishia kubeba familia. Iliendelea kukua hadi kufikia cc 848 na nguvu farasi 40, na vijana wa mashindano ya bei nafuu ya 750 Motor Club wakaichukua na kukimbia nayo kwenye viwanja vya mbio, kwa sababu ilikuwa nyepesi na ilikubali kuzungushwa. Mashindano hayo yalikuwa yameanza na Austin 7. Mjukuu alirithi kiti cha babu.

Sasa rudini kwa Mr Bean, maana kile kichekesho kina historia nyuma yake.

Mwaka 1956 Misri ilitaifisha mfereji wa Suez, vita vikafuata, na petroli ikawa ya mgao Uingereza kuanzia Desemba mwaka huo hadi Mei 1957. Ghafla kila mtu akataka kigari kidogo. Barabara zikajaa Isetta, Messerschmitt, Bond na vingine vya kila umbo. Leonard Lord, mkuu wa kampuni kubwa ya BMC, alivichukia vigari hivyo. Akamwagiza mhandisi wake Alec Issigonis aunde gari dogo la kweli la kuvifagia barabarani. Gari hilo ndilo Mini, lililotoka Agosti 1959. BMC ilitokana na kuungana kwa Austin na Morris, kwa hiyo mwanzoni Mini iliuzwa pia kwa jina la Austin Seven. Lile jina lililoizimia Reliant injini mwishoni mwa miaka ya 1930 lilirudi miaka ishirini baadaye kuja kuimaliza.

Halafu Novemba 1962 serikali ikapunguza kodi ya ununuzi ya magari ya kawaida kutoka asilimia 45 hadi 25, ikawa sawa na ile ya magurudumu matatu. Mwezi mmoja tu kabla, Reliant ilikuwa imezindua 3/25 yake. Messerschmitt ikaacha kuunda kigari chake cha KR200 mwaka 1964. Bond Minicar ikakoma mwaka 1966. Kwa hiyo Mini ikikipindua kigari cha samawati kwenye runinga, hiyo ni historia inarudiwa kwa mzaha, na tofauti ni moja tu: kwenye historia ya kweli, Reliant haikubaki imelala ubavu. Iliendelea kuuza. Mwaka 1969 ikainunua Bond yenyewe. Mwaka 1973 ikaleta Robin badala ya Regal. Na kwa wale wanaodhani watu hawa hawakujua kuunda gari la magurudumu manne, mwaka 1968 walitoa Scimitar GTE, gari la mbio lenye nafasi ya mizigo nyuma, ambalo Binti Mfalme Anne alilipenda hata akawa na zaidi ya moja.

Najua mnachotaka kusema. Linapinduka!

Sawa, tuzungumze kuhusu kupinduka. Mwaka 2010 Jeremy Clarkson wa kipindi cha Top Gear aliendesha Reliant Robin na kupinduka kila kona. Dunia nzima iliona. Video hiyo ndiyo ushahidi ambao kila mtu huniletea. Ni wachache wanaojua kwamba mwaka 2016 Clarkson mwenyewe aliandika gazetini kwamba gari lile lilikuwa limechezewa: mafundi waliombwa kubadilisha difu ili lianguke kwa urahisi, kwa sababu Robin ya kawaida haipinduki ovyo namna ile. Kwa hiyo ushahidi wenu ulikuwa mchezo wa kuigiza. Mliona difu iliyochezewa mkadhani mmeona fizikia.

Fizikia yenyewe iko hivi. Chora pembetatu inayounganisha sehemu tatu ambapo magurudumu yanagusa ardhi. Gari linasimama wima mradi mzigo wa uzito wake unaangukia ndani ya pembetatu hiyo. Ukikata kona, mzigo unasukumwa upande wa nje. Ukipiga breki, unasukumwa mbele. Ukipiga breki huku unakata kona, unasukumwa mbele na nje kwa pamoja, na mbele ndiko pembetatu ilikochongoka. Hapo unaweza kuanguka. Hili ni kweli, na mtu yeyote anayesema Robin ilikuwa tulivu kama gari la magurudumu manne anawadanganya. Tuktuk unayopanda Mombasa au Kisumu ina mpangilio huo huo, na dereva wake mzoefu anafanya jambo lile lile ambalo mwenye Reliant alifanya: anapunguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona.

Mbona basi wasiweke mawili mbele na moja nyuma, kama Morgan? Kwa sababu Reliant ilizaliwa ikiwa gari la mizigo. Mzigo unakaa nyuma, na nyuma ndiko unakotaka upana na magurudumu mawili ya kuubeba. Usukani wa gurudumu moja pia ni mwepesi na una vipuri vichache. Kila uamuzi una bei yake. Walichagua, wakalipa. Mhandisi anayedai hajawahi kulipa kitu ni muuzaji.

Na hiyo asili ya mizigo hawakuiacha. Mwaka 1967 walileta TW9, baadaye ikaitwa Ant, yaani sisimizi. Lilikuwa lori dogo la magurudumu matatu linalouzwa likiwa chasisi na kabini, na mteja anaweka nyuma anachotaka. Mabaraza ya miji yaliyatumia kufagia barabara na kubeba taka kwenye vichochoro ambavyo lori haliingii. Hakuna aliyetengeneza kichekesho kuhusu Ant. Ilikuwa ikifanya kazi.

Pingamizi la pili ni lile la plastiki. Nalo lina kisa kizuri.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Reliant iliisaidia kampuni ya Autocars ya Israel kuunda magari yake ya fibaglasi. Mojawapo, Sussita, likawa maarufu nchini humo. Mwaka 1963, kwenye maonyesho ya biashara ya Izmir kule Uturuki, Rahmi Koç na mwenzake Bernar Nahum waliona gari la fibaglasi kutoka Israel. Walielewa mara moja nilichowaeleza hapo juu kuhusu kalibu. Nchi isiyo na mtaji wa mashini za kukandamiza chuma inaweza kuanza na fibaglasi. Wakaenda Reliant. Mwishoni mwa mwaka 1966 kampuni ya Otosan ikatoa Anadol, gari la kwanza la Uturuki kuundwa kwa wingi: muundo wa Reliant, sura iliyochorwa na Ogle Design ya Uingereza, injini ya Ford. Otosan leo inaitwa Ford Otosan na inaunda magari ya Transit yanayouzwa Ulaya yote. Kule Bangalore, India, Sipani waliunda Dolphin kutokana na Reliant Kitten. Ugiriki, MEBEA waliunda Robin na TW9.

Na unajua watu walisema nini? Israel walisema ngamia wanaila Sussita. Uturuki walisema ng'ombe na mbuzi wanaila Anadol. Nchi mbili, kicheko kimoja. Watu wanaunda gari lao kwa mara ya kwanza, na jirani anauliza mbuzi ameshiba? Wakati huo huo vijana wa pale kiwandani wanajifunza kuunganisha, kupima, kukagua na kuagiza vipuri. Kicheko hakikumfundisha mtu hata kukaza nati.

Sitaki muondoke mkidhani Reliant ilikuwa malaika. Pingamizi la tatu ndilo lenye uzito, na nalikubali kwa sehemu kubwa: kampuni hii iliishi ndani ya upenyo wa sheria. Uwezo wake wote wa uhandisi uliegemea kwenye sentensi chache za leseni na kodi. Upenyo huo ulikuwa mzuri wakati Uingereza ilijaa wenye pikipiki wanaotaka paa. Miaka ilivyopita, kijana wa Uingereza alifanya mtihani wa gari moja kwa moja na kununua gari lililotumika la magurudumu manne. Wateja wa Reliant wakazeeka pamoja na leseni zao.

Walijaribu kutoka. Mwaka 1975 walileta Kitten, yaani Robin yenye magurudumu manne. Ilikuwa gari jepesi, lisilotumia petroli nyingi, lakini bei yake ilizidi ya Mini. Hapo ndipo ukweli mchungu ulipo. Ndani ya kilo 406 hakuna aliyewashinda. Nje ya hapo walikutana na viwanda vinavyounda magari kwa malaki, na fibaglasi ambayo ni rahisi kuanza nayo ni polepole kuizalisha kwa wingi. Faida yao ya mwanzo ikawa kamba shingoni. Uundaji wa Kitten ukakoma mwaka 1982. Mwaka 1990 kampuni ikawekwa chini ya mrasimu, ikabadilisha mikono mara kadhaa katika miaka kumi iliyofuata, kiwanda cha Tamworth kikafungwa, na mwanzoni mwa mwaka 2001 Reliant ikaacha kuunda Robin.

Kwa hiyo ndiyo, ilikufa. Lakini tafadhali someni cheti cha kifo vizuri. Iliuawa na soko lililohama, na kampuni isiyohama nalo kwa wakati. Gurudumu la nne halimo kwenye cheti hicho.

Kwa nini ninakasirika kuhusu kigari cha Waingereza? Kwa sababu nakisikia kicheko hiki kazini kila siku. Mtu anaunda huduma inayopita kwenye simu ya mulika mwizi, maandishi matupu, ujumbe wa herufi 160, hakuna picha, hakuna rangi. Kijana mwenye simu ya bei ya ng'ombe anaitazama na kucheka. Hii ni teknolojia ya mwaka gani? Hajui kwamba herufi 160 ndizo kilo 406 za huyo mwunda-programu. Hajui jinsi ilivyo kazi kumfikishia mama wa sokoni salio, bei na jina la aliyemtumia pesa ndani ya nafasi hiyo bila kumchanganya. Anadhani mwenzake ameshindwa kuweka picha. Gurudumu la nne limesahaulika tena!

Na hatari iko pande zote mbili, kama Reliant inavyotufundisha. Ukidharau vikwazo vya mteja wako, utaunda kitu kizuri asichoweza kukitumia. Ukivipenda mno vikwazo hivyo, siku mteja atakapopata simu bora utabaki na ustadi ambao hakuna anayeuhitaji. Watu wa Tamworth walifaulu mtihani wa kwanza kwa alama za juu kabisa, wakaanguka wa pili. Mimi ningefurahi sana kufaulu hata huo wa kwanza.

Namalizia na tarehe mbili. Mini ya asili, ile iliyozaliwa kuvifagia vigari vya magurudumu matatu, ile iliyomlaza Regal ubavu mbele ya dunia nzima, ya mwisho ilitoka kiwandani Oktoba 2000. Reliant iliacha kuunda Robin mwanzoni mwa 2001. Miezi michache tu, lakini miezi michache baada ya Mini.

Siku nyingine kile kigari cha samawati kikilazwa ubavu kwenye runinga, chekeni tu, Mr Bean ni Mr Bean. Ila mjue kwamba kwenye barabara ya kweli kiliinuka, kikawasha injini yake ya alumini, kikaenda zake kazini.